Sura ya Saba: Sufuria ya Mawese

Sombe iliyoiva kwa mawese ni tamu mpaka inapofika zamu ya kuosha vyombo. Mafuta haya ya ngazi huyeyuka kabisa yakikaribia nyuzi 35 za joto. Chini ya hapo huanza kuganda, na Butembo ni mji wa milimani, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya chemchemi huwa baridi mwaka mzima. Ukishuka kilomita hamsini na kitu hadi Beni, hewa ina joto zaidi na mafuta hulegea kidogo. Hata hivyo, katika miji yote miwili anayeosha hukuta utando uleule mwekundu umeshika ukingo wa sufuria, na ili autoe huchagua kati ya vitu vinne: majivu ya jikoni, sabuni ya mche, unga wa sabuni wa pakiti, au javel, ile dawa ya klorini.

Ni kipi kati ya hivyo kinachoumiza kidogo zaidi udongo, mito na misitu ya Kivu Kaskazini? Jibu la haraka kila mtu analo: cha asili ni kizuri, cha kiwandani ni kibaya. Linapendeza masikioni, ila halipimi kitu. Majivu ni ya asili, lakini kabla ya kuwa majivu yalikuwa mti. Javel ni ya kiwandani, lakini ikishafanya kazi yake sehemu kubwa hugeuka chumvi na maji. Tusije tukadanganywa na harufu, wala na picha ya limau iliyochorwa kwenye pakiti, tutakiuliza kila kimoja maswali matatu: kimetoka wapi, kinatumika kiasi gani, na maji yake yanaishia wapi.

Majivu

Tuanze na kisichouzwa. Majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu, ambayo ikiyeyuka hufanya maji yawe makali. Ukali huo ukikutana na mafuta hugeuza sehemu yake kuwa sabuni palepale kwenye sufuria; ndiyo maana vidole vya anayesugua huanza kuteleza. Chembe za majivu nazo hukwangua. Ongeza dodoki au jani la msasa, lile lenye mgongo wa kukwaruza, na masizi ya nje ya sufuria hayana ujanja.

Kwa swali la kwanza majivu yana jibu zuri: mti ulishaungua ili chakula kiive, na majivu ni masalio yake. Hakuna aliyeinua shoka kwa ajili ya kuosha vyombo. Kwa swali la tatu pia yanajitetea. Yakirudi shambani hurudisha potasiamu na kalsiamu, na kupunguza uchachu wa udongo ambao mvua nyingi za milimani huuleta.

Yapo masharti. Majivu ya jiko lililowashwa kwa mifuko ya plastiki au mbao za rangi hubeba sumu za vitu hivyo, wala hayafai kugusa sahani. Alumini nayo haivumilii ukali. Sufuria nyingi zinazosubuliwa na mafundi wa Afrika hutokana na vyuma chakavu, na utafiti uliofanywa Kameruni na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa sufuria za namna hiyo zinaweza kutoa madini ya risasi ndani ya chakula. Kuzikwangua ndani kila siku kwa majivu na mchanga ni kuliondoa lile tabaka jembamba linaloikinga alumini. Basi majivu yabaki upande wa nje, kwenye masizi, na ndani yatumike kwa mkono mwepesi, kunyonya mafuta bila kuparura.

Mtu wa mjini anaweza kuyacheka majivu kama jambo la kale. Kwa familia zilizokimbia mauaji yaliyoanza kuikumba Beni mwaka 2014, si jambo la kucheka. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, huweka gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Sahani hazina fungu lake humo. Nyumba inayookoa sabuni kwa kutumia majivu kwenye sufuria inabaki na sabuni ya kunawa mikono, na mikono ndiyo inayoikinga familia na kuhara.

Sabuni ya mche

Sabuni ni ndoa ya mafuta na soda kali. Kilo moja ya mafuta ya ngazi huhitaji takriban gramu 140 za soda, na maji yakichanganywa humo hutoka zaidi ya kilo moja na robo ya sabuni. Hesabu hiyo inatuambia pa kuangalia: uzito mkubwa ni wa mafuta, kwa hiyo swali kubwa ni la michikichi.

Katika eneo la Beni michikichi ni jadi. Wakulima wadogo huipanda pamoja na mihogo, kakao na kahawa, na mafuta hukamuliwa karibu na shamba. Mchikichi uliosimama miaka thelathini kwenye shamba la zamani una historia tofauti na ule uliopandwa jana mahali palipofyekwa msitu kuelekea Ituri. Sabuni zake zitafanana kwa rangi na harufu, lakini ya pili imebeba deni la msitu mzima. Mnunuzi hawezi kulijua hilo kwa kuangalia mche. Mwenye kiwanda anaweza, kwa kuwa anawajua wanaomuuzia mafuta.

Ndipo kiwanda cha jirani kinapokuwa na faida. Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kipo kiwanda cha sabuni cha SICOVIR. Kinatumia mafuta ya ngazi ya eneo hilo na umeme wa maji yanayoshuka mlimani, ambao ulianza kuzalishwa hapo mwaka 2013. Sabuni ya namna hii inaweza kupikwa bila kuni, na mafuta yake hayahitaji meli.

Je, safari ina uzito gani? Bidhaa inayotoka bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi na Kampala hadi mpaka wa Kasindi, imekwenda zaidi ya kilomita 1,500 barabarani. Lori zito hutoa takriban gramu 100 za hewa ya ukaa kwa kila tani kwa kila kilomita. Kwa mche wa nusu kilo hiyo ni gramu 75 hivi. Idadi hiyo tuiweke pembeni. Tutaihitaji tukifika kwenye makala, yaani mkaa.

Soda yenyewe huja kutoka viwanda vikubwa vya mbali, vinavyopitisha umeme katika maji ya chumvi. Kila tani moja ya klorini inayopatikana hivyo huambatana na tani 1.1 ya soda. Maana yake sabuni na javel, ambazo dukani tunaziona kama vitu viwili tofauti, huchota kwenye mtambo mmoja. Kwa miaka mingi baadhi ya mitambo hiyo ilitumia zebaki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliipa hadi 2025 iachane nayo.

Maji ya sabuni ya mche huishia vizuri. Sabuni halisi hushikana na kalsiamu iliyomo katika maji na udongo, ukali wake hupungua, kisha vijidudu huila katika siku chache. Na sokoni mche hukatwa vipande ukauzwa bila kifungashio, au kwa kipande cha karatasi. Kwa nyumba isiyo na gari la kuchukua takataka, hilo ni jambo kubwa.

Unga wa pakiti

Unga wa sabuni ulitengenezwa kwa kufulia, lakini jikoni umeingia kwa sababu pakiti yake ndogo inanunulika kwa pesa ya siku hiyo. Povu lake halitoki kwenye mafuta ya ngazi. Linatoka hasa kwenye sulfonati, zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Nguvu yake kwa mafuta yaliyoganda ni kubwa, hata katika maji baridi, na hii ni sifa tusiyopaswa kuinyima.

Sulfonati za kwanza, zilizotumika sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijidudu vilishindwa kuzila, na mito ya Ulaya na Marekani ikajaa povu jeupe juu ya maji. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1961, na katika miaka ya 1960 viwanda vikahamia aina inayooza. Aina hiyo ndiyo iliyomo katika unga mwingi leo. Inaoza vizuri panapokuwa na oksijeni. Pasipo na oksijeni, kama chini ya shimo la choo, hukaa muda mrefu.

Tufanye hesabu ndogo. Unga wa kawaida una sulfonati asilimia 10 hadi 20. Pakiti ya gramu 30 yenye asilimia 15 ina gramu 4.5. Samaki wengi hudhurika maji yakiwa na miligramu chache tu za kitu hicho katika lita moja. Ukichukua miligramu tatu kuwa kipimo, pakiti hiyo moja inahitaji lita 1,500 za maji safi ili isiwe hatari. Mto unaotiririka wakati wa mvua hauna shida nayo. Kijito cha kiangazi kinachokatiza mtaa ambao kila nyumba imefungua pakiti yake asubuhi hiyohiyo kina shida.

Kuna pia fosfati, ambazo hulainisha maji na kuipa sabuni nguvu, lakini mtoni au ziwani hulisha mwani hadi unafumuka, unakufa, na kuoza kwake kunamaliza oksijeni. Uswisi ilizipiga marufuku katika sabuni za kufulia mwaka 1986. Umoja wa Ulaya uliziwekea mpaka mkali katika sabuni za kufulia mwaka 2013 na katika sabuni za mashine za vyombo mwaka 2017. Anayenunua Butembo atazame kama pakiti imetaja viambato vyake. Isiyosema kitu haistahili imani.

Na pakiti yenyewe? Amri ya serikali ya Kongo ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki. Mitaro ya Butembo na Beni ni shahidi wa jinsi amri hiyo inavyotekelezwa. Pakiti ndogo ina tabaka mbalimbali zilizogandishwa pamoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kuiyeyusha ikawa kitu kingine. Huziba mtaro, au huchomwa uani na moshi wake ukaingia jikoni mulemule tulimokuwa tunasafisha.

Javel

Hapa Beni na Butembo javel haizungumzwi kirahisi kama kwingineko. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, ikasambaa Beni, Katwa na Butembo, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Mwaka 2021 ilirudi mara mbili, Februari kwa Butembo na Oktoba kwa Beni. Katika miezi hiyo ndoo ya maji ya klorini ilisimama mlangoni mwa kanisa, shule, soko na kizuizi cha barabarani. Harufu yake ikawa harufu ya usalama.

Vipimo vya wakati ule vilikuwa viwili: asilimia 0.05 kwa mikono pale sabuni ilipokosekana, na asilimia 0.5 kwa sakafu, vitanda na vyombo vya mgonjwa. Kwa javel ya asilimia 5, cha kwanza ni sehemu moja ya javel kwa 99 za maji, cha pili sehemu moja kwa tisa. Vilikuwa vipimo vya vita dhidi ya ugonjwa. Tatizo ni kwamba vita hivyo vilipokwisha, chupa ilibaki jikoni na kipimo kikasahaulika. Leo wapo wanaomimina javel kwa makadirio ya jicho kwenye beseni la sahani za familia isiyo na mgonjwa.

Javel haiondoi mafuta. Inaua vijidudu, na kabla haijavifikia hupoteza nguvu yake kwenye mabaki ya chakula. Kuimwaga juu ya sufuria yenye mawese ni kuiharibu bure. Sabuni, kwa upande wake, humenya hata ganda la mafuta linalokizunguka kirusi cha Ebola, ndiyo maana kunawa kwa sabuni kulihesabiwa kuwa kinga nzuri.

Kwa mazingira, javel kidogo iliyokwisha kazi haina kisa kirefu: sehemu kubwa hugeuka chumvi. Ikimwagwa ingali kali, huua viumbe vya kijito na vijidudu vya shimo la choo ambavyo kazi yao ni kuozesha uchafu. Ikikutana na limau, siki au mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu. Na ikihamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na maandishi, hatari yake ya kwanza ni kwa mtoto wa nyumba hiyo kabla ya kuwa kwa samaki. Iwekwe kwa siku ya ugonjwa, ubao wa kukatia nyama mbichi, na bidoni la maji linaloanza kuota utelezi.

Mshitakiwa asiyetajwa

Mpaka hapa tumebishana juu ya vitu vinne vya kwenye rafu. Kitu kizito kuliko vyote hakipo kwenye rafu. Kipo chini ya birika.

Kwa kuwa mawese huganda, wengi wa Butembo hupasha maji moto. Chukua beseni la lita tano za maji, uyatoe nyuzi 20 uyafikishe 50. Maji yanadai kilojuli 630 hivi. Mbabula ya kawaida, yaani jiko la makala, hupoteza sehemu kubwa ya moto hewani. Ikifikisha moja ya tano kwenye sufuria, hiyo ni gramu 100 na ushee za makala. Kuosha mara moja kwa siku, mwaka mzima, kunafika karibu kilo 40. Na makala yanayochomwa kwenye tanuri la udongo hula kilo tano hadi nane za mti kwa kila kilo. Kwa hiyo nyumba moja, kwa ajili ya maji ya vyombo pekee, inateketeza kati ya kilo 200 na 320 za mti kwa mwaka.

Rudi sasa kwenye ile idadi tuliyoiweka pembeni. Mche wa nusu kilo kutoka Mombasa ulibeba gramu 75 za hewa ya ukaa ya barabarani, na unaosha vyombo kwa siku nyingi. Beseni moja la maji moto hutoa takriban gramu 300, kila siku. Mtu anaweza kujibu kwamba mikaratusi ya milima ya Lubero hupandwa na kuota tena, na ni kweli: gogo la shamba lililopandwa si sawa na gogo lililoibwa katika Hifadhi ya Virunga. Lakini moshi wa tanuri na wa jikoni ni uleule, na gunia la makala halina maandishi ya shamba lilikotoka.

Mshitakiwa wa pili ni mafuta yenyewe. Vijidudu vya mtoni vinapokula mafuta hutumia oksijeni ya maji. Kijiko kimoja cha mawese, gramu 10, kinadai karibu gramu 29 za oksijeni. Hiyo ni oksijeni yote iliyoyeyuka katika zaidi ya lita 3,500 za maji. Linganisha na lita 1,500 za pakiti ya unga. Tunachokiosha kinaweza kuumiza mto kuliko tunachooshea.

Mshitakiwa huyu anakamatika kwa urahisi, kwa sababu yuko mkononi mwetu kabla ya maji kuguswa. Gunzi la mahindi, kipande cha jani la mgomba, au majivu makavu kiasi cha ngumi hufuta sehemu kubwa ya utando mwekundu kwenye sufuria. Kilichofutwa kinakwenda kwenye lundo la mboji au kinawasha mbabula ya kesho. Sufuria iliyofutwa hukubali maji ya baridi, na sabuni ya mche kidogo humaliza kazi. Kitendo hicho kimoja kinapunguza makala, sabuni na uchafu wa mtoni kwa pamoja. Hakuna chupa dukani inayofanya yote matatu.

Maji yaende wapi

Butembo imejengwa juu ya vilima, na familia nyingi huteka maji kwenye chemchemi za mabondeni. Maji yanayomwagwa uani juu ya kilima hayapotei. Hufuata mtaro hadi bondeni, na mengine huingia mto Kimemi unaokatiza mji. Upande wa Mutwanga mito ya Ruwenzori huingia Semliki, na Semliki hupeleka maji yake Ziwa Albert na hatimaye Nile.

Kwa hiyo mahali pa kumwaga ni uamuzi. Maji ya majivu au ya sabuni ya mche yanaufaa mgomba, mradi yazungushwe mahali tofauti ili chumvi isijilimbikize kwenye shina moja. Mche wa mboga hauyapendi. Maji ya unga yamwagwe kwenye udongo ulio juu, wenye hewa, mbali na chemchemi, ili sulfonati zikutane na oksijeni. Maji ya javel yaachwe wazi juani mpaka nguvu iishe, kisha yamwagwe palipo pakavu, pasipo mboga wala kijito.

Tukipanga vyetu vinne sasa, orodha inakuja hivi. Majivu safi ni ya kwanza, kwa nje ya sufuria na kwa kufuta mafuta. Sabuni ya mche ya karibu ni ya pili, nayo ndiyo ya kila siku. Unga ni wa kufulia, na jikoni uwe wa dharura, kijiko cha chai badala ya pakiti. Javel ni dawa, na dawa haitumiwi kila siku. Lakini juu ya orodha yote iandikwe: futa kwanza, na makala yabaki kwa chakula.

Si haki kuuweka mzigo huu wote mgongoni mwa mama au dada anayeosha. Yeye hakuamua unga uje kwenye pakiti ya plastiki. Hakuamua javel iuzwe bila kipimo kwenye chupa, wala mtaro wa mtaa wake ufike kwenye chemchemi ya jirani. Muuzaji wa jumla anaweza kuuza unga kwa kopo la kupimia, mteja akaja na chombo chake, kama anavyokuja nacho kununua mawese. Mwenye kiwanda cha sabuni anaweza kusema mafuta yake yametoka kwenye michikichi ipi. Meya anaweza kuzungushia kila chemchemi eneo ambalo hakuna anayeruhusiwa kumwaga maji machafu. Anayeosha atafuta sufuria yake kwa jani la mgomba leo hii, bila kungoja yeyote. Hao wengine watatu ndio bado tunawangoja.